Usipeleke mbele: anime mpya hupimwa pale palipotulia

Igoma, Mwanza, nilikokulia kulikuwa na kibanda umiza cha mabati, mabenchi sita, na televisheni moja ya chogo iliyopandishwa juu ya kabati ili hata wa nyuma aone. Unampa mwenye kibanda hela yako mlangoni, unaingia, unabanana. Filamu ikianza, watu wawili wakikaa mezani na kuongea, hazipiti dakika mbili sauti inatoka nyuma: “Peleka mbele!” Wengine wanadakia. Mwenye kibanda anashika rimoti, picha zinakimbia, midomo inachezacheza bila sauti, mpaka ngumi ya kwanza itokee. Hapo ndipo ukumbi unatulia. Nimeona filamu nyingi kwa mtindo huo, na zipo ambazo mpaka leo sijui stelingi alikuwa anapigania nini.

Kibanda kile hakipo tena, ila ile sauti ya nyuma naisikia kila anime mpya, zile katuni za Kijapani, zinapotoka. Sasa kila mmoja ana rimoti yake mkononi. Kijana anafungua sehemu ya kwanza, anatazama dakika nne, anagusa kioo mara mbili upande wa kulia, anaruka sekunde kumi, anaruka tena, na akifika mwisho anatoa hukumu: “Hii haina kitu.” Au: “Hii ni moto, ngumi zimesimama.” Hukumu inatumwa kwenye kundi la WhatsApp, na kwa wengi hiyo ndiyo inakuwa ya mwisho.

Nabishana na tabia hii kwa sababu naipenda sanaa hii na nimeona inachotunyima. Sehemu ya kwanza ya anime inadanganya zaidi pale inapopigana, na inasema kweli zaidi pale inapotulia. Anayeruka mazungumzo ili awahi pambano anaruka mahali pekee ambapo angeweza kujua kama hadithi ina pumzi ya kufika mwisho.

Kwa asiyefuatilia, anime za televisheni za Japani hutoka kwa misimu minne ya mwaka: Januari, Aprili, Julai na Oktoba. Kila msimu unamwaga zaidi ya anime 40, mpya na zinazoendelea. Nyingi huwa na sehemu 12 au 13 kwa msimu, na kila sehemu ni kama dakika 24. Toa wimbo wa kufungua na wa kufunga, sekunde 90 kila mmoja, hadithi inabakiwa na dakika 21. Ndani ya dakika hizo mwandishi anatakiwa akuonyeshe dunia yake, watu wake na shida yao, kisha akupe sababu ya kurudi wiki ijayo. Daladala ya kutoka Buhongwa kwenda mjini inachukua muda mrefu kuliko huo.

Na kwetu Mwanza hukumu ya haraka ina gharama ambayo mtu wa Tokyo haioni. Wengi hatuangalii mtandaoni moja kwa moja. Sehemu moja kwa ubora wa kawaida inakula MB 200 hivi, na bando la wiki linaisha kabla wiki haijafika katikati. Kwa hiyo tunakwenda kwa kijana mwenye duka la movie, lile lenye kompyuta moja, spika mbili nje na karatasi za majina ya filamu zilizobandikwa ukutani; tunampa flashi, anatujazia. Nyingi ya kazi hizo zinafika kwenye kompyuta yake bila ruhusa ya waliozitengeneza, na wachoraji wa Japani, ambao wengi wao malipo yao ni madogo, hawapati chochote kutoka kwenye shilingi yetu. Hilo linaniuma na sitalipamba. Ila ndiyo njia inayofanya kazi mtaani, na ndiyo inayoamua nani aone nini.

Kijana wa duka naye hawezi kupakua kila kitu. Anapakua kinachoulizwa, na kinachoulizwa wiki ya pili ni kile kilichosifiwa wiki ya kwanza. Anime iliyoanza taratibu inapoteza watazamaji wachache kule kwingine. Hapa haifiki kabisa. Oktoba 2025 nilikwenda duka moja karibu na stendi ya Buzuruga kuulizia anime iliyotoka Julai. Kijana akatafuta, akageuka. “Kaka, ile niliifuta. Nilishusha ya kwanza, watu wakasema ni ya kuongeaongea tu.” Nafasi yake kwenye diski ilikuwa imeshachukuliwa na kitu kingine. Kazi ya mwaka mzima ya watu wengi ilifutwa kwa neno moja, kuongeaongea. Nitairudia anime hiyo hapo chini, maana ndiyo iliyonikalisha niandike.

Tatizo lenyewe si geni kwenye ardhi hii. Nenda Bujora, pale Kisesa, kwenye ngoma za Bulabo mwezi wa Juni. Bagika upande huu, Bagalu upande ule, makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja, na anayeshinda ni yule aliyevuta watu wengi upande wake. Hakuna muda wa kusikilizwa mmoja mmoja. Kwa hiyo kundi linatoa chatu. Mchezaji anamzungusha shingoni, vumbi linapanda, na umati wote unakimbilia huko kama maji yaliyofunguliwa. Mara ya kwanza nilipokwenda nilikuwa mtoto na nilikimbia na wenzangu. Miaka ya baadaye nilijifunza kubaki nimesimama katikati nikisubiri. Chatu hachezi saa nzima. Akisharudishwa kwenye gunia, unaona upi upande wenye manju anayejua kutunga na upi ulikuwa na chatu tu. Watu wanaanza kurudi wenyewe, mmoja mmoja, bila kuitwa, wakivutwa na maneno ya wimbo. Mwanzo wa ngoma ni lele, na wazee waliosema hivyo walikuwa wachezaji.

Anime mpya nazo zinatoa chatu, na zina sababu. Nyingi hugharimiwa na kamati ya uzalishaji, yaani mchapishaji wa manga (vitabu vya hadithi za kuchorwa vya Kijapani), kampuni ya muziki, kituo cha televisheni, watengeneza wanasesere na wengineo wanaochanga fedha na kugawana mapato. Studio mara nyingi inalipwa kuchora tu. Sehemu ya kwanza ndiyo bango la biashara yote hiyo, kwa hiyo ndiyo inayoandaliwa kwa muda mrefu zaidi na ndiyo inayopewa mikono bora. Baada ya hapo saa inaanza kukimbiza watu. Kila wiki lazima kitu kirushwe, na ile akiba ya muda inaliwa kidogo kidogo. Pambano la sehemu ya kwanza linakuonyesha studio inaweza nini ikiwa na muda. Halikuonyeshi itafanya nini sehemu ya nane, usingizi umekwisha na tarehe imefika.

Septemba 2024 ilitoka Uzumaki, kutoka kwenye manga ya kutisha ya Junji Ito. Ilikuwa imetangazwa tangu 2019 na kuahirishwa tena na tena. Sehemu ya kwanza, nyeusi na nyeupe, ilikuwa na uzito wa wino wa Ito mwenyewe. Ile mizunguko ilikuwa inapumua. Mashabiki dunia nzima walisema hatimaye Ito amepata haki yake. Wiki moja baadaye ikaja sehemu ya pili, na kushuka kwa uchoraji kulikuwa wazi kiasi kwamba mtu asiyejua lolote kuhusu anime angegundua. Kazi nzima ilikuwa na sehemu nne tu. Waliotoa hukumu siku ya kwanza walihukumu robo ya kitu.

Husemwa nyota njema huonekana asubuhi. Kwenye anime, asubuhi ndiyo saa ambayo kila nyota imepakwa rangi.

Sasa nini kinabaki baada ya fedha na muda kupungua? Jicho la muongozaji linabaki. Sikio la mwandishi, namna anavyowafanya watu wake waongee na wanyamaze, linabaki. Hivyo havihitaji michoro elfu kumi. Mtu anayejua kuweka watu wawili kwenye chumba na kukufanya uogope kimya chao ataendelea kujua hivyo hata bajeti ikiisha. Ndiyo maana natazama dakika zile ambazo wengine wanaziruka.

Frieren: Beyond Journey's End ndiyo iliyonifundisha. Stelingi wa kawaida anakwenda kumpiga mfalme wa mashetani. Hawa wanaanza wakiwa wameshampiga na wanarudi nyumbani. Safari yao ilikuwa ya miaka kumi. Frieren ni mtu wa jamii inayoishi zaidi ya miaka elfu, kwa hiyo kwake miaka kumi ni kama mtu aliyekwenda sokoni akarudi. Wanatazama vimondo usiku mmoja, anaahidi kuwaonyesha mahali pazuri zaidi vitakaporudi baada ya miaka 50, anaondoka. Anarudi miaka 50 ikiwa imepita na anamkuta Himmel, yule shujaa kijana, ni kizee mfupi mwenye upara. Wanakwenda kutazama vimondo. Himmel anakufa. Kaburini watu wananong'ona kwamba Frieren hata halii, na ndipo analia, kwa sababu amegundua hakujishughulisha kumjua mtu aliyetembea naye.

Hakuna pambano hata moja ndani ya dakika hizo. Nilipomwonyesha rafiki yangu, fundi wa boti pale Kirumba, mtu mzima mwenye watoto, alinyamaza mpaka wimbo wa mwisho ukaisha, kisha akasema kwa sauti ndogo, “Baba yangu nilikuwa nampigia simu sikukuu kwa sikukuu.” Hakuongeza neno. Sehemu moja ya katuni ilikuwa imemfikisha huko.

Hata wenye kazi walijua kwamba dakika 24 ni kikapu kidogo. Nippon TV ilipoizindua Frieren tarehe 29 Septemba 2023, ilirusha sehemu nne kwa mpigo kwenye kipindi chake cha filamu cha Ijumaa usiku. Oshi no Ko, Aprili ya mwaka huo huo, ilikuja na sehemu ya kwanza ya zaidi ya dakika 80. Wajapani wenyewe hawakuthubutu kuzipeleka kazi hizo mbele ya watu kwa kipande kidogo. Sisi tunaziweka kwenye mizani kwa dakika nne.

Narudi kwenye ile iliyofutwa Buzuruga. Ni The Summer Hikaru Died, iliyoanza Julai 2025, kazi ya studio ya CygamesPictures chini ya muongozaji Ryohei Takeshita, kutoka kwenye manga ya Mokumokuren. Niliipata Netflix, nikaishusha sehemu moja moja kwa bando la usiku, simu nimeiweka dirishani ambako mtandao unashika.

Kijiji kimezungukwa na milima. Ni kiangazi, joto limekaa juu ya kila kitu, nyenze wanalia bila kupumzika. Yoshiki na Hikaru ni vijana wa sekondari waliokua pamoja tangu utoto. Miezi sita iliyopita Hikaru alipotelea mlimani, wiki nzima, kisha akarudi. Sasa wamekaa nje ya duka la kijijini wanakula lambalamba, wanapiga soga za kawaida kabisa. Na Yoshiki, bila kupandisha sauti, anamwambia mwenzake kwamba yeye si Hikaru.

Uso wa Hikaru unafumuka. Kitu kisicho na umbo kinamwagika kutoka ndani yake, kinamkumbatia Yoshiki na kumsihi asimwambie mtu. Kinasema hakitaki kumuua. Ndiyo mara yake ya kwanza kuishi kama mtu, kwenda shule, kula lambalamba. Na Yoshiki, akiwa amekumbatiwa na kitu kilichovaa sura ya rafiki yake aliyekufa, anaamua kwamba afadhali hiki kiwepo kuliko kutokuwa na mtu kabisa.

Mtu wa kanda hii akifika hapo ana neno tayari: msukule. Tumekua na habari za msukule, mtu aliyezikwa kisha akaonekana shambani kwa mtu akilima usiku, macho hayamtambui mama yake. Hofu ya msukule ni kwamba mwili upo na mtu hayupo. Mokumokuren ameigeuza hofu hiyo upande wa pili. Huyu aliyerudi anakutambua. Anakumbuka utani wenu wa darasa la tatu. Anakupenda, labda kuliko yule wa kwanza alivyowahi kukuambia. Kila kitu kipo isipokuwa yeye. Sijui kama kuna mtazamaji duniani aliyeandaliwa kuielewa hadithi hii kuliko sisi, na sisi ndio tuliosema ni ya kuongeaongea.

Kuna la ndani zaidi, na nitalisema. Igoma pana makaburi ya waliokufa kwenye MV Bukoba, meli iliyozama tarehe 21 Mei 1996 ikikaribia Mwanza. Nilikuwa napita pale nikienda shule. Wapo ambao miili yao haikupatikana kamwe. Mtaani kwetu kulikuwa na mama mmoja ambaye mpaka namaliza darasa la saba, hodi ikipigwa jioni alikuwa anasimama kwanza, anatulia kidogo, ndipo anaitikia. Hatukuwahi kumwuliza. Nilipomwona Yoshiki na lambalamba yake nilimkumbuka mama yule na ile pumzi moja kabla ya kusema karibu. Mlangoni akisimama mwenye sura ile, sauti ile na kumbukumbu zile, lakini si yeye, utafungua? Yoshiki amefungua, na sehemu kumi na moja zinazofuata zinakwenda kuangalia kilichoingia.

Yote hayo yamo kwenye mazungumzo ya watu wawili nje ya duka. Ukigusa kioo mara mbili, umeyaruka.

Kitu kimoja kinachopotea kwenye maandishi ya chini ni lafudhi. Watu wa kijiji kile wanaongea Kijapani cha mkoani, cha upande wa Mie, tofauti na kile cha Tokyo ambacho anime nyingi hutumia. Ukiwa umezoea kusikia Kijapani cha anime utaona maneno yanapinda na kuvutwa. Siku mtafsiri wetu mmoja atakapoiingizia sauti ya Kiswahili, natamani asiwape Kiswahili cha mtangazaji wa redio. Awape kile cha Sengerema, cha Magu, chenye Kisukuma chini yake. Kijiji kitasikika mara moja.

Gachiakuta, ya msimu ule ule wa Julai, ilifika Mwanza bila shida yoyote. Kila duka lilikuwa nayo. Ina kelele, ina damu, ina michoro ya ukutani inayoruka machoni, na studio ya Bones Film imeichora kwa nguvu. Rudo anaishi kwenye mtaa wa watu waliotengwa kwa kuwa ni kizazi cha wahalifu, pembeni ya mji wa matajiri unaoelea angani na kutupa taka zake shimoni. Anasingiziwa kumuua Regto, mlezi wake, na anatupwa shimoni pamoja na taka. Vijana waliipenda kwa hasira yake, na hasira ile ni ya kweli.

Mimi ilinikamata mapema zaidi. Rudo anaingia kwenye taka za matajiri, anaokota mwanasesere aliyetupwa, anakaa na kumtengeneza. Mikono yake ndani ya glavu inafanya kazi kwa upole ambao mdomo wake hauna. Kijana anayeokota chupa na vyuma chakavu asubuhi pembezoni mwa ziwa, gunia begani, naye ana macho hayo. Anageuza kitu mara mbili mkononi kabla ya kuamua kama kimekufa. Baadaye hadithi inafunua kwamba nguvu za dunia hii zinatoka kwenye vitu vilivyotunzwa kwa upendo, kwa hiyo ile dakika ya mwanasesere ilikuwa imebeba anime nzima. Aliyeiruka aliona kijana mwenye hasira tu.

Lawama yangu kwa Gachiakuta ni kwamba inamuua Regto haraka mno. Tunaambiwa alikuwa baba kwa Rudo. Hatukupewa muda wa kumzoea. Frieren ilimpa Himmel nafasi ya kuzeeka mbele yetu, na alipokufa tulifiwa. Hapa kifo kinatokea kwa sababu hadithi ina haraka ya kumtupa stelingi shimoni kabla dakika 24 hazijaisha. Nadhani waliogopa ile sauti ya nyuma ya kibanda. Walipeleka mbele wenyewe.

Wapo watakaosema natetea uvivu, kwamba anime isiyo na fedha sasa itajificha nyuma ya neno utulivu. Hoja ina uzito, na Oktoba 2025 ilitupa mfano. Msimu wa tatu wa One-Punch Man ulianza kwa vikao virefu vya mashujaa na majitu, na sehemu kubwa yake ilikuwa picha zilizosimama, huku kamera ikiteleza juu yake. Hii ni kazi ambayo msimu wake wa kwanza, 2015, mikononi mwa studio Madhouse, uliweka kipimo cha mapambano kwa miaka mingi. Watu walikasirika na walikuwa na haki. Walioelekeza matusi kwa muongozaji ndio waliokosea, kwa maana fedha na ratiba hupangwa na kamati, na yeye huachiwa kulaumiwa.

Lakini utulivu wa kukosa na utulivu wa kuchagua havifanani, na jicho linajifunza kuvitofautisha upesi. Pale Mwaloni mnunuzi wa sato haangalii ukubwa kwanza. Anafunua shavu, anaangalia wekundu wa matamvua, anabonyeza mgongo kwa kidole aone kama nyama inarudi. Samaki wote wawili wamelala kimya juu ya meza. Mmoja alitoka majini alfajiri na mwingine ana siku tatu. Kwenye anime, kwenye utulivu uliochaguliwa kuna kitu kinaishi: mkono unaosita, pumzi, mtu anayekaribia kusema neno na kulimeza, sauti ya nje inayoingia dirishani. Bonyeza, itarudi. Kwenye vikao vya One-Punch Man nilibonyeza, shimo likabaki.

Kipimo changu nacho kimewahi kuniangusha. Januari 2021 ilitoka Wonder Egg Priority ya studio CloverWorks. Sehemu yake ya kwanza ilikuwa na ukimya wa kuvutia kuliko karibu kila kitu nilichoona mwaka ule: msichana aliyeacha shule, chumba chake, rafiki aliyekufa. Nikaapa kwa kila aliyenisikia kwamba hii itakuwa kubwa. Kazi ikachelewa, sehemu ya nane ikawa ya kukumbushia yaliyopita, mwisho wake ukasogezwa hadi Juni kama kipindi maalumu, na mwisho wenyewe uliacha maswali mazito yananing'inia. Utulivu ulinionyesha jicho la muongozaji, na jicho lilikuwepo mpaka mwisho. Haukunionyesha kama mwandishi alikuwa na jibu. Sina kipimo cha hilo.

Mashabiki wengi hutumia kanuni ya sehemu tatu: usiache anime kabla ya kuona tatu. Hutajwa sana pamoja na Madoka Magica ya 2011, ambayo sehemu yake ya tatu inabomoa kila ulichodhani unakitazama. Ni kanuni nzuri kwa mwenye intaneti ya bure. Chukua anime kumi tu za msimu, sehemu tatu tatu, ni sehemu 30, saa 12 za kukaa na karibu GB 6 za bando. Kwa kijana wa Mabatini anayesoma na kumsaidia mama yake kwenye genge, kanuni hiyo haipo. Na hata tatu zisingetosha kwa Demon Slayer, iliyoanza Aprili 2019 ikatazamwa kwa kiasi, hadi sehemu ya 19 mwezi Agosti ilipowaka dunia nzima.

Kwa hiyo mimi natazama moja, lakini naitazama yote, bila kugusa kioo, sauti imefunguliwa. Natafuta mahali ambapo hakuna kinachotokea na nakaa hapo. Ikiwa watu wale wawili wanaoongea wananifanya nisahau kwamba nasubiri pambano, namrudia kijana wa duka na kumwomba aniwekee zote. Mara nyingi ananiuliza kama ina ngumi. Wiki iliyofuata baada ya Buzuruga nilimpelekea jina la Hikaru limeandikwa kwenye karatasi, nikamsimulia lile la msukule. Alisimama na flashi ya mteja mwingine mkononi, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akabandika karatasi ile ukutani pamoja na zingine. Hakuahidi kitu.

Desemba mpwa wangu, wa kidato cha tatu, alikuja likizo kutoka Geita na binamu yake Baraka, rika moja, vijana wasioachana. Usiku umeme ulikuwepo, nikawawekea sehemu ile kwenye kompyuta. Dakika ya tatu mkono wa mpwa wangu ukaenda kwenye kitufe.

“Anko, hii mbona haina ngumi?”

“Najua. Usiruke.”

Akarudisha mkono magotini. Nje jirani alikuwa anaita kuku, humo ndani nyenze wa Japani wanalia. Wakafika kwenye lambalamba. Yoshiki akasema maneno yake, uso ukafumuka, wote wawili wakarudi nyuma kwenye kochi bila kupiga kelele. Waliangalia mpaka wimbo wa mwisho, na wimbo wenyewe wakauacha uishe. Kisha mpwa wangu akageuka polepole, akamtazama Baraka usoni kwa muda mrefu, kwa makini kabisa, kama anatafuta kitu.

“Darasa la pili,” akamwambia, “nani alivunja ile ndoo ya bibi?”